Chungu na Chumvi

Mwenye kazi mkononi na aendelee nayo. Haya ni ya masikio tu.

Palikuwa na mji ambao jua lake halikuwa na haraka. Lilichomoza kama majua mengine, likapanda mpaka kimo cha mnazi mchanga, kisha likasimama hapo, likangoja. Lilingoja vifuu. Kila asubuhi uwanjani palikutwa mkeka mpya wa ukindu, ambao hakuna aliyejua umesukwa na nani, na juu ya mkeka vifuu kumi na sita vya nazi vimelala kifudifudi. Mgongoni mwa kila kifuu liliandikwa neno moja kwa masizi. Kazi ya watu ilikuwa kuvigawa vifuu vile mafungu manne, vinne vinne, kila fungu maneno ya ukoo mmoja. Wakimaliza, jua linaondoka. Ndipo maji yanachemka, nguo zinakauka kambani, na kuku anakumbuka kutaga. Kabla ya hapo hakuna. Unaweza ukakoka moto ukaupuliza mpaka macho yakageuka pilipili, maji yatakutazama tu.

Na maneno yale yalikuwa na hila. Neno moja linakuja limevaa nguo za ndugu wawili, hujui umkaribishe nani. Unaona mbuzi, unasema huyu mnyama, kumbe ni mbuzi wa kukunia nazi. Unaona panda, hujui ni ya kupanda mti, au kupanda mbegu, au panda ya njia. Hayo si mageni, lugha ndivyo ilivyo, ina mifuko mingi. Ila mkeka ule ulikuwa na tabia moja mbaya: haukuwa ukikuambia kwamba umekosea. Ukiweka sawa, unakubali. Ukiweka sivyo, unakubali vile vile, na jua linakwenda zake. Kinachobadilika ni kwamba maana ile uliyoiacha nje, wewe na wenzio, mnaikosa duniani. Siku mto ulipotiwa fungu la maji, pamoja na ziwa na kisima na chemchemi, mito yote ya kulalia ilitoweka vitandani, na tangu hapo mji mzima ukawa unalalia viwiko. Siku ua lilipotiwa fungu la nyumba, pamoja na ukuta na mlango na kizingiti, hakuna tena aliyeona asumini. Watu wakazoea. Mtu huzoea. Ukimwondolea kitu kimoja kila siku na ukamwachia jua, atakushukuru kwa jua.

Katika mji huo alikaa mwanamke mtu mzima, jina lake Siwazuri, na mkwewe Zamda, mjane wa mwanawe.

Asubuhi tunayoisema, Siwazuri alikuwa amekaa juu ya mbuzi, miguu ameitanua, anakuna nazi ya uji. Nazi ilikuwa ikidondoka kwenye sinia, nyeupe, nyembamba, na yeye akiitazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine unaokuna. Mara nyingi ilimtokea hivyo. Aliona mikono, aliona kanga iliyokunjwa vizuri mapajani, aliona kovu la mafuta juu ya kidole gumba, akasema moyoni: huyu mama ni msafi wa kazi, sijui ni nani.

Zamda akatoka ndani akajishikilia mwimo wa mlango. Tumbo lake lilikuwa limefika pale ambapo matumbo hushuka, likakataa kushuka. Mimba ile ilikuwa imekaa mno. Mgomba uliopandwa nyuma ya nyumba siku ilipojulikana ulikuwa umezaa, umekatwa, na wana wake nao wamezaa wamekatwa, na Zamda bado anajifunga kanga juu ya tumbo lile lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaamkaje?"

"Kaamka. Anatafuna."

Siwazuri akaacha kukuna, akatega sikio. Kweli, kutoka tumboni kulisikika sauti ndogo, kr, kr, kr, kama panya kwenye gunia la mahindi. Mtoto alikuwa ameota meno humo humo.

"Anatafuna nini?"

"Ndilo ninalojiuliza," alisema Zamda. "Nadhani ananitafuna mimi." Alilisema kama mtu anavyosema mawingu yametanda kusini. Kisha akakaa chini pole pole, akanyoosha miguu. Vifundo vilikuwa vimevimba, mashavu yamebonyea, na mtu aliyemjua zamani angeona kwamba kila kilichoongezeka tumboni kilikuwa kimechukuliwa kwingine.

Hapo akaingia Bi Mkasi, mkunga, bila ya hodi kama kawaida yake. Walikuwa marafiki wa kuitana somo, yeye na Siwazuri, tangu utoto, watu wa kutukanana asubuhi na kupelekeana mboga jioni.

"Unakuna nazi na jua limesimama? Utampikia nani, jini?"

"Nakuna ili mikono isinisahau. Wewe umekuja kukata nini, Mkasi?"

"Nikate nini mimi? Jina Mkasi, na kitovu sijakata tangu sijui lini. Nimebaki kukata bamia." Akamtazama Zamda, akamwekea kiganja juu ya tumbo, akakiondoa upesi kama aliyegusa mdomo wa mbwa. Akamvuta Siwazuri kando, penye mtungi wa maji. "Sikiliza. Huyu haendi mbali. Kijana kachoka kungoja, anakula alichokipata. Na kutoka hatoki, maana mtoto hatolewi na mkunga wala dua. Anatolewa na uchungu, na uchungu mji huu hauna. Nikikandamiza, nikikanda, nikimkalisha juu ya kinu, ni bure. Tutawafunga sanda moja wote wawili."

"Ningelia," alisema Siwazuri baada ya kufikiri.

"Hata mimi. Lakini sikuja kwa hilo." Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Nimepita uwanjani. Kimerudi."

"Nini kimerudi?"

"Kifuu, somo. Cha chungu. Na chumvi iko pale pale pembeni yake, kama siku ile."

Nazi ikamtoka Siwazuri mkononi, ikabiringika, ikasimama.

Siku ile. Ilikuwaje siku ile? Msimulizi mzuri angekwambia tarehe. Mji ule haukuwa nazo. Ulikuwa ni wakati ambapo jeneza la msikitini halikuwa likirudi mahali pake, linatoka nyumba hii linaingia nyumba ile, mpaka mafundi wakalichongea mpini mpya kwa sababu wa kwanza ulilika kwa mabega. Maradhi gani, hawakujua. Shaame, mtoto wa pekee wa Siwazuri, mwenye sauti ya kukwaruza na tabia ya kuvua makubadhi kizingitini moja huku moja kule, alikwenda nalo asubuhi, na Zamda ndiyo kwanza anatapika mimba. Makame, aliyekuwa Mpangaji wa vifuu, alilifuata mara tatu akizika wanawe: nyuma ya Faki, nyuma ya Mize, nyuma ya mdogo wao aliyekuwa bado hajaitwa. Kilio kilikuwa kimetanda juu ya mji kama moshi wa kuni mbichi. Watu walikuwa hawalali, hawali, wanatembea wamejishika mbavu.

Ndipo mkeka ukaleta maneno haya. Pweza, taa, kaa, kamba: hao wa baharini. Tembo, kima, paa, nungu: hao wa msituni. Kinu, mwiko, mtungi: vya jikoni, bado kimoja. Tamu, kali, chachu: za ulimi, bado moja. Na vifuu vimebaki viwili, chungu na chumvi. Chungu kinapikiwa jikoni, na chungu ni dawa ulimini. Chumvi inaonjwa, na chumvi inakaa jikoni ndani ya kopo. Kila kimoja kinaweza kwenda huku, kila kimoja kinaweza kwenda kule. Hila nzuri, mtu angecheka.

Lakini hakukuwa na aliyedanganyika. Mtoto wa kuanza kusema angewapangia. Tunasema chakula kitamu, chakula kikali, chakula kichachu, chakula kichungu. Nani amewahi kula chakula kichumvi? Lugha yenyewe ilikuwa imeshika kidole ikionyesha. Makame alikiinua kifuu cha chungu, akakizungusha, akawatazama watu, watu wakamtazama. Hakuna aliyefungua mdomo. Akakiweka jikoni, karibu na mtungi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akaweka chumvi penye ulimi. Kosa lile halikuwa kosa. Lilikuwa ombi.

Na likapokewa. Kilio kikakatika nyumba zote kwa mara moja, kama mfereji uliofungwa. Siwazuri alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, katikati ya jina la mwanawe. Akajikuta na mdomo wazi asijue ulifunguliwa kwa ajili ya nini. Akaona asipoteze, akapiga mwayo.

Tangu hapo mwarobaini ukawa maji. Kisu kilikukata ukakitazama. Mahasimu wakasahau kuchukiana, lakini na wapenzi nao wakapishana njiani kama miti miwili. Makubadhi ya Shaame yalibaki kizingitini, moja huku moja kule, na kila siku Siwazuri aliyafagilia pembeni yake kwa uangalifu, asiyaguse, asijue kwa nini hayagusi.

Walipokuwa wakienda uwanjani, yeye na Mkasi, njia ilikuwa ndefu kuliko jana. Au fupi, ilitegemea ni nani kati ya akina Siwazuri anayetembea. Maana aliwaona wengine, yeye huyo huyo kwa umri tofauti. Mmoja alikuwa msichana anakwenda kisimani, amebeba kata kichwani. Mmoja kizee, amesimama chini ya ukuta, analamba kidole. Na yeye katikati, anajiuliza.

Siwazuri. Si wa zuri. Wa nini basi?

Kitu kipo kwa sababu kipo, au kwa sababu tumekubali pa kukiweka?

Na anayeweka, nani alimweka?

Kama sina uchungu wa mwanangu, je, nilikuwa na mwana? Nina makubadhi. Makubadhi si ushahidi, makubadhi yanauzwa sokoni.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi siujui. Basi mimi ni nani wa Shaame? Jirani yake?

Hayo hayakumuuma. Aliyapanga kichwani vinne vinne, akatafuta ukoo wake, akayaacha.

Uwanjani watu walikuwa wamekaa kuuzunguka mkeka, wamejikunyata, kila mmoja na kikombe kitupu, wanangoja maji yao yachemke. Fungu la bahari na fungu la msitu yalikuwa tayari. Bwana Makame alikuwa amechuchumaa, kofia imemshuka usoni, ndevu zimeota bila ya shauri la mtu.

"Taa na kaa ningezitia fungu la moto," mtu mmoja alisema, "taa inawaka, kaa linawaka."

"Na pweza je, umchome?" mwingine akamjibu. "Na kamba umfunge?"

Wakacheka kwa pua. Makame hakucheka. Akanyoosha mkono, akakishika kifuu cha chungu.

"Ngoja, Bwana Makame," alisema Siwazuri.

Watu wakageuka. Haikuwa desturi mtu kusema ngoja. Kila mtu alijua kwamba ni Mpangaji peke yake anayegusa vifuu, ingawa ukiwauliza ni nani aliyekataza, wangeulizana wenyewe kwa wenyewe mpaka jua likaoza.

"Bi Siwazuri. Leo umekuja mbele. Kuna nini?"

"Zamda analiwa."

"Na nani?"

"Na mwanawe. Kaota meno, hana pa kutokea."

Makame akakiangalia kifuu mkononi. "Pole," alisema. Neno lile lilikuwa limebaki mjini kama ganda la konokono, mwenyewe hayumo. "Pole sana. Lakini unajua unachoniomba?"

"Sijakuomba. Nimesema ngoja."

"Unajua kinachokuja nyuma ya huyo mtoto? Hatoki peke yake. Shaame atakufa tena leo. Si jana wala juzi; leo, na wewe unatazama. Utamwosha upya." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza njia. "Na wangu watatu. Na wa huyu, na wa yule. Utatuletea majeneza yote kwa mkupuo mmoja, Bi mkubwa, kwa ajili ya tumbo moja?"

Mwanamke mmoja aliyebeba kikombe akasema, "Mwenzetu, tumekukosea nini? Tumeshapoa."

"Mmepoa," Mkasi akamrukia, "hata wali wa jana umepoa. Nani anautaka?"

"Wewe nyamaza, huna mtoto!"

"Sina! Nimezalisha mji mzima huu, nimewatoa nyote mmebanwa mabega, mnapiga kelele kama ving'ora. Leo nani anapiga kelele? Tangu lini mmesikia kichanga mji huu? Mnapanga vifuu ili jua liende. Jua liende wapi? Likamulike nini?"

Mbali kidogo, kutoka nyumba ya Siwazuri, watu walidhani wamesikia: kr, kr, kr.

Siwazuri alisimama pale akajitafuta. Alitaka akute ndani yake kitu cha kumsukuma, huruma, au mapenzi ya mjukuu, au hata hasira. Hakukuta. Palikuwa peupe mle, pamefagiwa. Alimjua Zamda kwamba ni msichana mwema, anayekumbuka kumchotea maji ya udhu; alijua kama anavyojua bei ya mchele. Basi hakusukumwa na mapenzi, na wale watakaomsifu baadaye wasimsingizie. Alifikiria uji tu. Uji ukiwa jikoni na ukaona unataka kufurika, huulizi moyo wako. Unaepua.

Akavua kandambili, akakanyaga mkeka. Ulikuwa baridi. Akainama, magoti yakalia, akakitwaa kifuu cha chungu kutoka kwenye vidole vya Makame. Vidole havikukishika. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, alipoweza kushangaa: vidole vilikuwa vimelegea tangu mwanzo, kama vya mtu aliyengoja miaka mtu aje ampokee mzigo.

"Chakula kichumvi," Siwazuri alisema, si kwa yeyote. "Hakuna chakula kichumvi."

Akaiweka chumvi jikoni, pamoja na kinu na mwiko na mtungi. Akaweka chungu penye ulimi.

Kwanza hapakuwa na kitu. Jua likaondoka mahali pake, vivuli vikasogea, na jikoni fulani maji yakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema, "Basi, mbona hamna?" akanyanyuka na kikombe chake aende. Alipiga hatua mbili. Kikombe kikaanguka.

Makame alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Macho yalikuwa yakizunguka, yanatafuta pa kutokea. Kisha mikono ikashuka, akakaa mchangani kama mtoto aliyesukumwa, akasema, "Faki." Akasema, "Mize." Halafu akatulia, midomo inatafuta, na hapo ndipo alipopasuka, kwa yule wa tatu, ambaye hakuwahi kumpa jina na sasa hakuwa na cha kumwitia.

Kilio kikapita uwanjani kama moto kwenye makuti. Siwazuri hakukingoja. Kutoka nyumbani kwake ulikuwa umetoka ukelele mmoja, mrefu, wa mwanamke, na Mkasi tayari alikuwa anakimbia, kanga mkononi, anapiga kelele, "Usisukume! Zamda! Usisukume bado, mama, nakuja!"

Siwazuri alikimbia nyuma yake. Alikimbia vizuri mpaka kizingitini. Pale akakaa chini.

Kubadhi moja huku. Moja kule. La kushoto lilikuwa limelika kisigino upande wa nje, kwa sababu Shaame alikuwa akitembea hivyo, ameegemea, tangu alipovunjika mguu akiwa mdogo akiruka kutoka kwenye ngazi, na yeye mamake ndiye aliyemfunga banzi, na alimpiga kofi kwanza, halafu akamfunga. Mwaka gani? Leo. Alikuwa amekufa leo. Alikuwa amekufa sasa hivi, na makubadhi yalikuwa bado na alama ya vidole vyake, vidole vitano, cha mwisho kimejikunja. Siwazuri akayaokota akayaweka kifuani. Mdomo ukafunguka pale pale ulipoachia siku ile, katikati ya jina, na jina likamalizika.

Ndani Zamda alikuwa akipiga kelele, na nje Siwazuri akipiga kelele, na jirani aliyepita hakuweza kujua ni nani anayezaa na ni nani anayefiwa.

"Somo!" Mkasi aliita kutoka ndani. "Lia, lakini njoo ulilie huku! Nishikie mgongo wake!"

Akaenda. Alitambaa, makubadhi kwapani, akakaa nyuma ya Zamda akamkumbatia, kifua kwa mgongo, na wote wawili wakatikisika kwa pamoja. Zamda alishika mikono ile akaiminya mpaka mifupa ikalia. "Mama, nakufa." "Hufi." "Nakufa, mama, nakufa, Shaame—" "Mwite. Mwite, mwanangu, na mimi namwita." Machozi yakamshuka Siwazuri yakamwingia mdomoni, akayaonja, akakumbuka kopo la chumvi liko rafu ya pili jikoni, na akalia zaidi.

Kisha Mkasi akanyamaza, na Mkasi akinyamaza ujue kuna jambo. Akaingiza mkono. Akavuta. Na ghafla akatoa ukelele uliowashinda wote wawili, akauinua mkono wake juu, damu inatiririka kutoka kidoleni, uso wake umejaa machozi na kicheko, akakimbilia mlangoni autangazie mtaa mzima uliokuwa umejaa vilio:

"Kaniuma! Jamani, kaniuma! Na panauma!"